Kipakaji cha T kwa vanishi ya sakafu: je, niiache rola?

Haya wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli. Leo siwazungushi. Hiki nilichoshika hapa kimenifanya niiweke rola kando, na nina hamu mkione kikifanya kazi. Ni upau mwepesi umevishwa mfuko wa maikrofaiba, juu yake mpini mrefu, basi, umbo la herufi T. Upana na uzito vimeandikwa kwenye boksi, mtasoma wenyewe.

Sakafu hii nimeipiga msasa namba 40, nikaja 80, nikamalizia na 120. Vumbi nimelifyonza kwa mashine, nikapitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, nikaacha mbao zikauke. Vanishi ni ya maji, nimeikoroga polepole kwa kijiti. Msilitikise kopo, jamani! Ukilitikisa unaingiza hewa, na hewa hiyo utaikuta imekaukia sakafuni kama chunusi.

Sasa tazameni. Namimina mstari mmoja wa vanishi kufuata urefu wa ubao. Kipakaji nakilaza mshazari, ncha moja imetangulia. Mnaona vanishi inavyosukumwa? Yote inakimbilia upande ambao bado mkavu, na kule nilikopita haubaki mchirizi. Sikandamizi, uzito wake unatosha. Nafika ukutani, sisimami wala sinyanyui, nakizungusha taratibu kama gari linavyokata kona, narudi. Mstari huu wa kurudi unaupanda ule wa kwanza kidogo, kama upana wa kiganja. Ngoja nisogeze kamera. Huu ukingo unaong'aa, bado umelowa. Ukiukuta umelowa, vanishi inaungana yenyewe na alama haionekani. Ukichelewa ukakauka, unapata ule mpaka ambao jua likiingia dirishani kila mgeni atauona.

Narudia tena, maana hapa ndipo sakafu nyingi zinapoharibikia. Mshazari, vuta, zungusha, rudi. Na hamjaona nikirudi nyuma kurekebisha mahali palipoanza kukauka. Sehemu ikishaanza kushika, iache. Ukiigusa unaivuta, inabaki na mikwaruzo.

Kwa nini nasema rola kando? Rola ya sponji inanitesa kwa mapovu. Ile ya manyoya mafupi inafanya kazi nzuri, sitawadanganya, ila haiwahi ukingo ukiwa bado umelowa kama hiki, na chumba kikiwa kirefu au hewa ikiwa ya joto unabaki unashindana na vanishi inayokauka. Kwenye kona na kando ya kuta bado unahitaji brashi. Paka kando kipande kidogo, kifuate hapo hapo na kipakaji. Usizungushe brashi chumba kizima kwanza, utakuta kando zote zimeshakauka.

Haya, kinachoniudhi. Mfuko mpya unamwaga nyuzi! Huu hapa, mnauona? Unywele mmoja mweupe katikati ya sakafu. Nimeshasema kwenye video zilizopita kwamba kifaa cha kumalizia kazi hakitakiwi kuanza kwa kuichafua, na kwa bei hii nakasirika zaidi, maana ni ghali kuliko rola ya kawaida. Dawa yake ni tepu ya karatasi: uzungushe mfuko mzima upande wenye gundi ukiwa ndani, bandua, rudia mpaka tepu itoke safi. Kisha uoshe, uukamue vizuri ubaki na unyevu tu. Mpini nao unacheza pale unapoungana na upau. Kazeni kabla hamjaanza, si katikati ya chumba.

Wengi mmeniuliza kwa nini mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, unatoka na ukakasi hata kifaa kikiwa kizuri. Tusikilaumu kifaa. Maji yaliyomo kwenye vanishi yanaamsha vinyweleo vya mbao, vinasimama na kukaukia hivyo hivyo. Kipande hiki nilikipaka mapema, kimeshakauka. Nikipitisha kiganja, kinakwaruza kama ulimi wa paka. Nachukua msasa 220, napitisha kwa mkono mwepesi, kufuata nyuzi za mbao. Unatoka unga mweupe mkavu, ndiyo dalili nzuri. Msasa ukiziba na kunata, vanishi haijakauka, subiri. Na msitumie pamba ya chuma kwenye vanishi ya maji, chembe zinabaki zinapata kutu na kuacha madoa. Fyonza vumbi, futa, halafu mkono wa pili. Hapo ndipo sakafu inalainika kweli.

Video ijayo ni vanishi ya mafuta, bonyezeni kengele. Ile inakauka polepole na inageuka njano kadiri siku zinavyokwenda. Matambara yake yatandazeni nje yakauke. Yakirundikwa yanajipasha joto mpaka yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Nikinunue? Kwa chumba kimoja kidogo, nimebadili mawazo wakati narekodi: rola nzuri ya manyoya mafupi inatosha. Mwenye ukumbi au vyumba vitatu, chukua hiki bila kusita.

Mkono wa pili umekauka sasa. Nazima taa za juu, nalaza tochi sakafuni mwanga utambae. Tazameni… hakuna povu, hakuna mpaka. Pale karibu na mlango kuna unywele mmoja. Nautoa kwa msasa, ndipo nipige wa tatu.