Shajara ya simu iliyonihamishia msiba siku moja nyuma

"Ndugu mteja, data yako ni sahihi." Hilo ndilo jibu nililopewa na huduma kwa wateja wa programu ya shajara ninayoilipia kila mwaka, nilipolalamika kwamba faili lao limekosea siku aliyofariki baba yangu, na nikilikumbuka damu inanichemka.

Naandika kwenye simu miaka sasa, karibu kila mara usiku, nikishafika Tabata na kupumua baada ya foleni ya Mandela. Juzi kati nikaamua kupakua maandishi yangu yote niyachambue mwenyewe: naandika zaidi siku gani, saa ngapi, nasema nini mambo yakiwa mabaya. Likaja faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Nikalifungua kwenye Excel, nikaenda moja kwa moja usiku aliofariki mzee. Alikata roho Jumapili imeshaingia, saa saba na kitu. Saa nane nilikuwa kwenye benchi la hospitali naandika. Faili linasema Jumamosi, 23:00.

Jumamosi mzee alikuwa hai! Alikunywa uji jioni, akauliza Yanga wametoka ngapi.

Nikaiangalia vizuri safu ya muda. Kila tarehe inaishia na herufi Z, yaani ni saa za UTC, saa rejea za dunia nzima, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo chochote nilichoandika kati ya saa sita usiku na saa tisa kimesukumwa kwenye siku iliyopita. Anayeandika mchana hawezi kuliona hili. Kwangu mimi wa usiku, hesabu yote ya siku imepinda. Na kwenye simu tarehe ile ile inaonekana sawasawa! Wanajua niko wapi, ila wakikukabidhi faili hawaweki hata safu moja ya kuonyesha saa za eneo.

Yule dada wa huduma kwa wateja aliyeniambia data ni sahihi nikamjibu: "Dada yangu, hesabu ya mtambo naielewa, ila baba yangu hakufa Jumamosi." Kimya. Kilichofuata ni ujumbe wa moja kwa moja unaoniomba niwape nyota. Nikawapa moja.

Takwimu zao za ndani ya programu ndiyo usiseme. "Nimechoka", "nilichoka" na "tumechoka" zinahesabiwa kama maneno matatu yasiyojuana, kwa hiyo kwa mtu anayeandika Kiswahili orodha yao ya maneno yanayojirudia haina maana. Nilitafuta "chok" mwenyewe kwenye Excel, nikaondoa "chokaa" za kipindi nilichokuwa napaka rangi nyumba, ndipo nikapata picha.

Nikaigeuza safu ya muda iwe tarehe ambazo Excel inazielewa, nikaongeza saa 3 kwenye safu nzima (+3/24, basi), siku zikarudi mahali pake. Na hapo, jamani, niliona kitu: siku ambazo mzee alinipigia simu ndizo nilizoandika marefu kuliko zote. Alichoniambia kipo, neno kwa neno, hadi bei ya mbegu aliyokuwa akiilalamikia. Nimesoma mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa niseme nini? Kwa kuandikia, sijaona nyingine inayoifikia, na imenitunzia sauti ya baba. Nyota nimezipandisha hadi tatu. Lakini kifurushi kikiisha silipii tena mpaka warekebishe hilo faili. Ninyi mnaoandika usiku, kabla hamjalipa pakueni kwanza ukurasa mmoja wa saa saba, mwangalie umeandikwa siku gani.