Vikope: jicho la mtoto na jicho la bibi

Wilayani Kongwa, Dodoma, vikope (trakoma), ugonjwa wa macho wa kuambukiza, huweza kukaa nyumba moja kwa sura mbili. Mtoto ana tongotongo, nzi hawamwachi; ukigeuza kope la juu unaona vipele vyeupe juu ya wekundu. Mara nyingi halalamiki, ndiyo maana hupuuzwa. Hutibiwa kwa azithromaisini dozi moja, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, au mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, wiki 6. Wengine huacha dawa jicho likitulia tu, ugonjwa unarudi.

Kwa bibi, makovu ya miaka yamevuta kope ndani, nywele zake zinakwaruza kioo cha jicho. Hapo vidonge havinyooshi kope. Kung'oa nywele kwa kibano kunapoza tu: nywele huota tena baada ya wiki chache. Anahitaji upasuaji mdogo, kwa ganzi, kabla kioo hakijawa cheupe.