Akwariamu ya nyumbani hapa Dodoma: nunua ipi, acha ipi

Kama unakaa Dodoma na unataka samaki sebuleni, kabla hujauliza samaki gani nenda kwanza kaangalie mdomo wa bomba lako. Ule ukoko mweupe unaoganda pale, ule ule unaojaza birika na kuziba bafu, ndo utakaoamua ununue nini. Maji ya huku mengi yanatoka chini ardhini, bonde la Makutupora kule Mzakwe, ni maji mazito yenye chokaa na chumvichumvi, na samaki wengine wanayapenda wengine yanawamaliza taratibu hadi unajiuliza umekosea wapi.

Mi nilihamia huku na ofisi kutoka Dar, familia ikabaki kule mwaka mzima, jioni nikitoka kazini napitia chakula narudi Nkuhungu kukaa naangalia ukuta. Ndo nikaanza mambo ya samaki. Nimeshanunua vitu vya kijinga vingi sana kwenye hii hobi, kwahiyo orodha hii naipanga kwa hela yangu mwenyewe iliyokwenda na maji.

Namba moja kwangu, na sibabaiki, ni tangi la kuchongesha kwa fundi vioo, wale wale wanaotengeneza madirisha ya aluminiamu. Mwambie inchi 24 urefu, 12 upana, 15 kimo, kioo cha milimita 6. Hapo unapata lita kama 70, ukiacha inchi moja juu unabaki na sitini na kitu. Fundi wangu alivyosikia ni la samaki akaniuliza "bosi, kweli maji yatakaa humu?" nikaona hapa kazi ipo, kwahiyo nikakaa nae mpaka mwisho na we nakushauri ukae. Cha kusimamia ni silikoni. Unataka ile silikoni tupu isiyowekwa dawa ya kuzuia fangasi, maana zile za bafuni nyingi zina hiyo dawa na inaua samaki, msomee fundi maandishi ya kwenye tyubu hata kama atakununia. Na apake mshono wa ndani mnene, kona zote, bila kuacha tundu. Halafu usilibebe siku hiyo hiyo. Ile silikoni inanuka siki wakati inakauka, we subiri siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, ndo unalijaza maji uani unaliacha usiku mzima juu ya gazeti kavu. Gazeti likilowa asubuhi unamrudishia fundi, bado hujaharibu kapeti la mtu.

Mimi la kwangu lilinigharimu elfu sabini pamoja na kifuniko cha kioo, bei zinatofautiana ulizia kwa mafundi wawili watatu. Kifuniko usikiruke. Huku kukavu, mwezi wa nane na wa tisa upepo unapiga mchana kutwa, tangi langu lilikuwa linapungua karibu inchi nzima kwa wiki, na maji yakipungua chumvi haiendi nayo, inabaki. Ukiongezea ya bomba unaongeza chumvi juu ya chumvi. Ndo maana unaona ule mstari mweupe kwenye kioo, kila wiki unashuka kidogo, kama ngazi. Huo mstari unaufuta kwa kitambaa chenye siki wakati umeshatoa maji kidogo, afu unafuta tena kwa maji safi. Na msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, kinga maji ya bati, sio ya mvua ya kwanza hiyo imebeba vumbi la miezi saba, ya tatu ya nne huko. Madumu mawili matatu yanakusaidia kujazia kiangazi.

Kitu kingine cha hili tangi: lina uzito wa kilo themanini na ushee likijaa, maji, kioo na mchanga. Usiliweke juu ya kimeza cha tivii. Lakini pia ni saizi ambayo ukihama nyumba ya kupanga watu wawili mnalibeba tupu kwenye bajaji, na huku tunavyohamahama hilo jambo kubwa.

Namba mbili ni tangi kubwa la mkononi, yani lililotumika, la futi nne. Dodoma watu wanahamishwa vituo kila siku, mtu akipata barua anauza friji, anauza kochi, na tangi nalo linauzwa kwa bei ya kutupa kwasababu hakuna anayetaka kulisafirisha. Inchi 48 kwa 18 kwa 18 ni lita kama 250. Nimeliweka la pili kwasababu ukishalijaza halihami tena, ni robo tani hiyo, lakini kiukweli kulitunza ni rahisi kuliko dogo. Watu hawaamini. Maji mengi yanachafuka polepole, joto halipandi na kushuka ghafla, ukikosea chakula kidogo samaki hawafi. Kabla hujatoa hela muombe muuzaji alijaze mbele yako, hata kama atasema lilikuwa zima jana. Pitisha kidole kwenye silikoni ya ndani, kama inabanduka kama ganda la kidonda, achana nalo au shusha bei uende ukapakwe upya.

Namba tatu itawashangaza wengine: nusu pipa la bluu uani. Pipa la lita 200 likatwe kati, liwekwe chini ya mwembe au kwenye kivuli cha ukuta, mchanga wa mtoni chini, majani ya majini kidogo, gapi kumi, wale samaki wadogo wa mapambo. Hamna umeme, hamna taa, viluwiluwi vya mbu vinavyoanguliwa humo ndo chakula chao. Jioni unavuta kigoda unakaa pembeni. Ila hakikisha pipa lilibeba chakula, mafuta ya kula au juisi, maana mengine yamebeba dawa za viwandani na harufu ikishaingia kwenye plastiki haitoki. Tatizo ni kwamba samaki unawaona mgongo tu, na mwezi wa sita na wa saba usiku huku baridi inashuka mpaka 13 hivi, wa uani wanazubaa chini hawali. Na kunguru. Na paka wa jirani.

Namba nne, zile seti za dukani zenye kila kitu ndani ya boksi moja, taa, pampu, kifuniko, hadi jumba la kifalme la plastiki. Nyingi ni lita 20 au 30. Ni nzuri kwa macho, unalipia boksi. Kama umepewa zawadi itumie, weka samaki wachache sana.

Ya mwisho kabisa ni bakuli la duara. Ndo lililoniingiza mimi kwenye huu mchezo na ndo lililonitoa machozi, lita tano, gold fish wawili, kokoto za rangi. Wiki ya pili maji yakawa kama ya kuoshea mchele, wote wawili juu wanapumulia mdomo, asubuhi nikawakuta ubavu. Nikafikiri nimewapa chakula kibaya. Kumbe gold fish anakua hadi zaidi ya sentimita 20 na anaweza kuishi miaka kumi na zaidi, ni samaki wa bwawa yule, na anachafua kuliko wote. Kumweka kwenye bakuli ni sawa na kumfungia mbuzi stoo.

Sasa hapa nikae kidogo maana ndo watu wengi wanapofeli hata wakiwa na tangi zuri. Kinyesi na mabaki ya chakula vinatoa amonia. Amonia inaua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, nayo sumu, na wengine wanaigeuza hiyo kuwa naitreti ambayo haina noma sana, unaitoa kwa kubadili maji. Hao bakteria hawaji na tangi, wanazaliana wenyewe kwenye sponji ya filta (kichujio cha maji) na mchanga, inachukua wiki nne hadi sita. Na kuna jambo letu la Dodoma hapa: amonia inakuwa kali zaidi kwenye maji yenye pH ya juu (pH ni kipimo cha uasidi, ikiwa juu maji hayana uasidi), na maji yetu ya chokaa ndo hayo. Yani mtu wa maji laini anaweza kuponea chupuchupu, sisi hatuponi. Kwahiyo washa tangi bila samaki, tupia punje chache za chakula kila siku mbili zioze humo, na kama unamjua mtu mwenye tangi la siku nyingi muombe akamulie sponji yake chafu kwenye la kwako, ule uchafu wa kahawia ni dhahabu. Maji ya bomba yenye dawa yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kumimina, klorini iruke.

Kwenye filta sina maneno mengi. Nunua filta ya sponji na pampu ya hewa, basi. Pampu ndogo ni wati 3 hadi 5, hata wati 5 ikikesha mwezi mzima ni kama uniti tatu na nusu za luku. Filta za kuning'iniza nje zinafanya kazi vizuri ila umeme ukikatika ukarudi baadhi zinaunguruma tu bila kuvuta maji mpaka uzijaze kwa mkono, na we uko ofisini. Zile kubwa za ndoo zinazokaa chini ya meza ni za wenye tangi la futi nne na kuendelea. Sponji ukiiosha ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, ukiisuuza bombani umewaua wale bakteria wote uliowasubiri wiki sita.

Na ukinunua pampu ya hewa nunua na kile kivalvu kidogo cha kuzuia maji yasirudi, ni kadude ka ukubwa wa kidole gumba. Mi nilikaidia. Umeme ukakatika saa nane mchana, nimerudi jioni, maji yamerudi kwa mpira wa hewa yakapitia kwenye pampu iliyokuwa sakafuni yakajimwaga kwenye kapeti, nusu tangi, samaki wamejibanza chini wananiangalia. Kama huna kivalvu weka pampu juu kuliko maji. Na siku umeme ukikaa masaa mengi chota maji kwa jagi uyamimine tena kutoka juu, dakika tano kila baada ya muda, yanaingiza hewa. Nimeshafanya hivyo hadi saa saba usiku kwa taa ya simu, sijui kama huo nao ni utulivu lakini nililala vizuri.

Hita ni ya kufikiria. Sebuleni kwangu mwezi wa saba maji yalishuka hadi 20, gapi walivumilia. Hita ya wati 50 ikiwaka nusu ya siku inakula uniti 18 kwa mwezi, kwa wale wa tarifu ya nyumbani isiyozidi uniti 75 kwa mwezi hizo zinaweza kukuvusha ukapandishiwa bei. Nunua kipimajoto kwanza, hita baadae ukiona inahitajika.

Samaki sasa. Kwa maji yetu naanza na gapi na moli, wanapenda maji mazito, wanazaa watoto wanaoogelea hapo hapo, kwenye tangi la fundi weka wanane hivi wa kuanzia na utakuwa na ishirini bila kununua. Wa pili ni mbuna, wale wa rangi kali wa Ziwa Nyasa, njano, bluu, wa kwetu kabisa na ziwa lao maji yake ni ya pH ya juu kama yetu, wanajisikia nyumbani. Ila wagomvi, hao ni wa tangi la futi nne lenye mawe mengi ya kujificha, usijaribu kwenye dogo. Beta mmoja peke yake kwenye lita 20 anafaa, anavuta hewa ya juu ya maji kwahiyo kukatika umeme hakumtishi sana, ila baridi hapendi. Neon waache, asili yao ni maji laini ya Amazon. Na tafadhali usilete sato wa bwawa la Hombolo sebuleni, mtoto wa sato anapendeza wiki tatu, baada ya hapo anakula kila kitu chenye uhai humo.

Kuna samaki mmoja natamani siku moja niwe nae, wale wadogo wenye rangi wa madimbwi ya msimu, Nothobranchius, wapo mpaka mabonde ya huku Bahi. Dimbwi likikauka wanakufa wote, mayai yanabaki kwenye tope kavu yanasubiri mvua ijayo. Yani samaki wa Ugogo hasa. Bado sijampata mtu anayewafuga.

Wa kwangu wengi nimewatoa Dar, siku hizi na treni ya mwendokasi ni masaa machache tu, mfuko uliojazwa hewa ya oksijeni ndani ya boksi wanafika wazima. Ukifika zima taa, elesha mfuko juu ya maji dakika 15 hadi 20, halafu ongeza maji ya tangi kwenye mfuko kikombe kimoja kimoja, usiwe na haraka, maji ya Dar na ya kwako ni tofauti sana. Watoe kwa chujio, maji ya mfuko mwaga. Siku hiyo usiwape chakula, na mwambie dada wa nyumbani kabisa kwamba ugali hawali.