Jinzi ya Pamba Tupu Kutoka Gikomba: Uzoefu Wangu

Suruali hii niliinunua Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kwa shilingi 700, asubuhi belo (furushi kubwa la mitumba) lilipofunguliwa, na imenifaa kuliko jinzi mpya niliyokuwa nimenunua katika duka moja mjini kwa zaidi ya mara tatu ya bei hiyo. Ile mpya ilikuwa na nyuzi za kuvutika. Ilinikaa vizuri mwanzoni, lakini haikuchukua muda ikalegea magotini na kiunoni. Nyuzi hizo huharibiwa na joto, na jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, huzimaliza kabisa.

Ukienda sokoni, usianze na chapa. Tafuta lebo ya ndani inayosema pamba asilimia 100. Ikiwa imekatwa, vuta kitambaa kwa mapana: kikinyumbuka na kurudi, si pamba tupu. Halafu iinue kwenye mwanga uangalie mapaja kwa ndani, maana hapo ndipo jinzi nyingi hufia. Zipu waweza kubadilishiwa, lakini paja lililosagika ni kazi ya viraka. Mimi nililipa bei ya kamera, yaani ya nguo bora zinazochaguliwa kwanza, na sijuti. Kwa nguo ya kuvaa kila siku, za fagia, yale masalio ya bei rahisi, hazitoshi.

Kingine nilichokagua ni ribiti, vile vichwa vya shaba kwenye pembe za mifuko. Viliwekwa kwa sababu. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, alitaka mifuko ya suruali za wafanyakazi isichanike, akaikaza kwa ribiti. Kwa kuwa alikuwa akinunua kitambaa kwa Levi Strauss, akamshirikisha, na wakapata hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya Marekani tarehe 20 Mei 1873. Mimi natia simu na funguo humo kutwa nzima, nashuka na kupanda matatu, na hakuna pembe iliyoachia. Kale kamfuko kadogo ka mbele, kalikokusudiwa saa ya mnyororo, sasa kananitunzia sarafu za nauli.

Fundi wa mtaani alinifupishia miguu kwa shilingi 150. Mwambie atumie sindano nene, namba 16, na uzi mzito, la sivyo upindo utaachia. Ifue kabla hajaikata pia, kwa maana pamba yaweza kurudi, yaani kupungua urefu.

Kwenye kufua ndiko wengi wanakoziua. Rangi ya nili haiingii hadi kiini cha uzi. Hukaa juu juu, na ndani uzi ni mweupe. Ndiyo maana jinzi hupauka penye msuguano: magotini, kwenye mifuko, kwenye mikunjo. Kila unapoisugua kwa brashi unaikwangua rangi hiyo. Mimi naigeuza ndani nje, nafunga zipu, nailoweka kidogo kwenye maji baridi yenye sabuni ya unga, naikamua taratibu kwa mikono na kuisuuza. Wapo wanaoapa kwamba chumvi huishika rangi. Kwa nili haisaidii kitu.

Tena siifui kila nikiivaa. Tope likiruka, naliacha likauke, nalipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha naitundika dirishani usiku ipigwe na hewa. Kwa sisi tunaopata maji kwa mgao, hilo peke yake limeniokolea ndoo nyingi. Kuanika ni kivulini, bado imegeuzwa, nikiitundika kwa kiuno. Jua la paani kwetu hula rangi vibaya mno.

Kasoro ipo: ni nzito. Msimu wa mvua, Aprili, hukauka polepole sana, na ukiivaa kiunoni kungali na unyevu utajuta. Lazima uwe na nyingine ya kubadilisha. Pia wiki za mwanzo ilikuwa ngumu kiasi kwamba kukaa kwenye kiti cha matatu kulikuwa kazi. Sasa imelainika na kushika umbo langu. Ukiwa na mapaja mapana, chukua saizi moja zaidi na umpe fundi kiuno apunguze, kwa kuwa pamba tupu haitanyumbuka kukufuata.

Nimeshamwambia muuzaji aniwekee nyingine belo lijalo likifunguliwa.