Fundi wa Kariakoo kazi anaijua, ila mwambieni asizime kile kiboksi cha Yes na No

Nianze kwa kusema huyu fundi namkubali na duka lake silitaji, maana nililolalamikia tumeshalimaliza mimi na yeye, lakini naandika kwa sababu mafundi wa hivi ni wengi mno pale Kariakoo na wateja wenyewe tunachekelea.

Nina kompyuta ya mezani, mtumba, iko sebuleni Tabata, mimi naitumia kuchapa kazi za watu na mahesabu ya biashara, jioni wanashika watoto. Ilikuwa nzito jamani, unaiwasha unaenda kubandika chai unarudi bado vile viduara vinazunguka. Nikaibeba sipiyu kwenye daladala nimeipakata kama mtoto mchanga, konda ananiambia mama hiyo nayo inalipa nauli. Fundi akaifungua mbele yangu, akatoa vumbi la kutosha kupanda mchicha, akaweka SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 256, akapiga window upya, diski ya zamani akaniwekea kwenye mfuko akanirudishia bila kuombwa. Laki na tano jumla. Stuli ya kukalia ipo, hakunikimbiza, mafaili yangu yote aliyahamisha nikayakuta. Kwa hayo nampa maksi zote.

Sasa wakati ananikabidhi akasema, "Na zile kelele za kuuliza uliza ruhusa nimekuzimia dada, hazitakusumbua tena." Nikamshukuru!! Nilimshukuru kabisa na buku tano ya soda nikamuongezea.

Kwa ambao hamjaelewa ni nini, ni kile kiboksi ambacho ukitaka kuinstoo programu kioo kinafifia chote halafu kinakuuliza unairuhusu hii ibadilishe vitu kwenye kompyuta yako, Yes au No. Kinaitwa UAC. Microsoft walikileta na Vista mwaka 2007 na kilikuwa kero kweli kweli, ukigusa hiki kinauliza, ukigusa kile kinauliza, watu wakakichukia mpaka 2009 kwenye Windows 7 wakakipunguza makali wakaweka na kitelezi cha ngazi nne uchague mwenyewe. Nadhani mafundi wengi chuki yao ni ile ya enzi za Vista, saivi mbona hakiulizi hivyo, ukishamaliza kuinstoo vitu vyako unaweza kukaa hata wiki hujakiona.

Mimi kilikuwa kinanikera kwa kitu kimoja tu, ile programu yangu ya mahesabu, kila nikiifungua kinauliza. Kumbe (hili nimekuja kujua baadaye) kuna mtu aliitia tiki ya kujiendesha kama administreta (yule mwenye mamlaka ya kubadilisha chochote kwenye kompyuta), unabonyeza ikoni kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, tiki iko pale chini. Nimeitoa, programu inafanya kazi vilevile na haiulizi tena. Yani dakika moja. Fundi badala ya kutafuta nani anapiga honi akaamua kuwaziba masikio nyumba nzima.

Yaliyonikuta sasa. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tatu, likizo huwa anakuja kwangu, akaja na flashi ina gemu la mpira lenye kraki, yani la wizi lililovunjwa kufuli, kapewa na wenzie. Akabonyeza setapu. Zamani hapo kioo kingefifia na mtoto angeita, shangazi inauliza. Safari hii kimya, halikuuliza mtu. Gemu lenyewe wala halikufunguka, akaona limegoma akaenda zake kucheza nje. Kesho yake naona feni ya kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga na sijafungua kitu chochote, bando linakatika, brauza ikifunguka inanipeleka kwenye matangazo ya kamari. Nikasema si kuna Defender humu, ile antivairasi inayokuja na window yenyewe, mbona haijasema kitu? Nikaingia kwenye seting zake, kule kwenye orodha ya vitu ambavyo imeambiwa isivikague. Nikakuta kimeandikwa kitu kimoja tu, C:\. Diski nzima! Mlinzi yupo getini na kitambulisho chake, ila kaambiwa asiangalie ndani ya nyumba. Na hiyo orodha huwezi kuibadilisha bila ruhusa ya administreta, ndo ile ruhusa ambayo siku hizi ilikuwa inatolewa bila mimi kuulizwa.

Nisidanganye watu, kiboksi siyo ukuta. Wale vairasi wa flashi za stesheneri wanaogeuza mafaili kuwa shotikati wengi wala hawahitaji ruhusa hiyo. Na Microsoft wenyewe wanasema ukiwa unatumia akaunti ya administreta UAC usiihesabu kama boma la usalama. Na mtoto angeweza kubonyeza Yes tu. Lakini angebonyeza mtu, ningekuwa na wa kumuuliza.

Nikarudi na sipiyu yangu. Fundi hakubisha, akasema wateja wakiulizwa ulizwa wanampigia simu usiku wanadhani window aliyopiga ina vairasi, kwa hiyo anazimia wote. Nikamwelewa kidogo. Akapiga upya kwa elfu kumi badala ya ishirini na tano, na safari hii nilikaa pembeni yake naangalia mkono.

Tulichoweka ndo hiki: ukiandika UAC kwenye sehemu ya kutafuta kinakuja kile kitelezi, tukakirudisha ngazi ya pili toka juu, ndipo kinapokaa chenyewe window ikiwa mpya. Ya tatu inauliza vilevile ila kioo hakififii, nikataka hiyo maana kufifia kunanishtua, akaniambia hapana dada, kioo kikififia kile kiboksi kinakuwa kimetengwa peke yake, programu nyingine haiwezi kukubonyezea Yes, kwa hiyo kufifia ndo kazi yenyewe. Hapo nikaona kumbe anajua, sasa alizima kwa nini? Ya chini kabisa ndo ile aliyoniwekea mwanzo, ukiwa administreta kila kitu kinakubaliwa kimya kimya.

Halafu watoto wakafunguliwa akaunti yao ya kawaida, hiyo nilimwambia mimi. Kwenye akaunti ya kawaida hakuna cha kubonyeza Yes tu, inataka neno la siri langu. Na angalia rangi, ya bluu inakuja na jina la kampuni iliyothibitishwa, ya njano maana yake aliyeitengeneza hajulikani. Juzi niko jikoni mikono ina unga nasikia shangazi inaomba neno la siri, nikauliza rangi gani, njano, nikamwambia piga No, akanuna mpaka magharibi.

Nyota nampa 3 kwa 5. Ya nne ingekuwepo kama angeniuliza kabla ya kuzima, ya tano naibana kwa sababu risiti nimeidai mara mbili ndo nikaipata. Mkienda kwa mafundi wa hivyo nendeni asubuhi kabla ya saa nne, mchana wanajaa mpaka kwenye ngazi, na kabla hujalipa mwambie akuwashie ufungue setapu ya programu ya nje, siyo vitu vya window yenyewe, yenye kile kingao cha bluu na njano kwenye ikoni. Kioo kisipofifia, usitoe hela bado.