Fundi wa cherehani wa pale Kiyembe, Kampala, niliyemjua kwa status ya WhatsApp

Wenye cherehani hii ni yenu. Mi nashona yunifomu hapa Busia upande wa Uganda, nina Butterfly mbili za kukanyaga na overloku moja ya umeme, ile ya kumalizia kingo za kitambaa, sasa wiki mbili kabla shule kufungua Februari ile Butterfly kubwa ikaanza vituko, unashona suruali juu mshono uko sawa kabisa, ukigeuza kitambaa chini nyuzi zimejaa kama kiota cha ndege. Nikabadilisha bobini. Nikabadilisha hadi kesi ya bobini, sente zikaenda na kiota kiko pale pale.

Shoga yangu wa Mbale akanifowadia video ya fundi mmoja wa Kampala, kiduka chake kiko kwenye akedi, jengo la maduka mengi, maeneo ya Kiyembe kule kwa vitambaa. Haifiki dakika moja, sura yake hata haionekani, ni mikono tu yenye grisi. Anasema kwa Kiswahili chake cha Kampala, uzi ukijaa chini usimlaumu wa chini, mwenye makosa yuko juu. Alafu anaonyesha, inua mguu wa mashine kwanza, ule unaobana kitambaa, ndo upitishe uzi, maana mguu ukiwa chini zile sahani za tensheni, za kukaza uzi, zinakuwa zimebana, uzi unapita nje badala ya kuingia katikati, kwa hiyo hakuna kinachouvuta huku juu na wote unateremka kujikusanya chini. Nikajaribu hapo hapo na kikombe cha uji mkononi. Kiota kikaisha! Banange, nilikaa nikaitazama ile kesi mpya ya bobini nikaona aibu peke yangu.

Sasa overloku ilipoanza kuruka mishono mwezi uliofuata sikuuliza mtu, niliifunga kwa leso nikapanda nayo taksi hadi Kampala. Na mafundi hapa Busia tunao, msinielewe vibaya.

Nilivyofika nikakuta foleni, watu kama sita, na hakuna hata kibao cha kukalia, unasimama kwenye korido unasukumwa na wabeba marobota. Hilo nalilalamikia na nitalirudia. Ila zamu yangu ilipofika, mashine aliigeuza iniangalie mimi, akaniambia nyabo toa simu urekodi, ikikusumbua tena usije mbali hivi. Kumbe sindano imechakaa ncha na ilikuwa imewekwa ubapa umeangalia upande mbaya, kazi yangu mwenyewe hiyo, na lupa, ile ndoano inayodaka uzi, nayo imesogea kidogo haikutani na sindano kwa wakati. Akairudisha polepole, akazungusha gurudumu kwa mkono mara kama kumi kabla ya kuwasha umeme. Shilingi 30,000 na sindano juu yake, na vile vitu vya zamani akanifungia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, niende navyo. Sijawahi kupewa spea zangu za zamani na fundi yeyote, yaani kawaida ukiuliza unaonekana unamshuku.

Nikamuuliza kaka, ukitufundisha bure hivi si utafunga duka? Akacheka, akasema wanaojua kidogo ndo wanaleta mashine mapema, wasiojua wanaleta ikiwa imekufa na hawana hela ya kuizika. Basi akarudi kazini.

Niwape kisa kingine mlinganishe wenyewe. Mwaka juzi nililipa 50,000 kwa MoMo, pesa ya simu, kuingia darasa la WhatsApp la mtu mmoja wa kufundisha biashara mtandaoni, jina naliacha. Tuliahidiwa kuwa viongozi kwenye soko letu. Wiki tatu nzima ni picha za magari, maneno ya kutia moyo saa kumi na moja asubuhi, na grupu imefungwa anaandika yeye tu, ukitaka kuuliza swali ni darasa la pili, 80,000. Sikujifunza hata namna ya kuweka picha kwenye katalogi.

Huyu fundi hajataja neno uongozi hata mara moja lakini nimeona kwa macho yangu mzee mmoja, fundi pia, umri wa kumzaa, anakuja kutoka ghorofa ya juu na kichwa cha mashine kwapani akisema mwalimu hii imenishinda. Na mwalimu kabla hajaishika akamwomba mzee kwanza aonyeshe ule ujanja wake wa kukaza mkanda wa ngozi uliolegea bila kununua mpya, akaurekodi, jioni nikauona kwa status, ameandika huu si wangu ni wa mzee wa ghorofa ya pili, mwenye shida ya mkanda apande kwake. Kampeleka wateja! Mi hapo ndo nilimkubali kabisa, juu siri ndogo ndogo kila mtu anaweza kugawa, lakini kugawa mteja, na wewe kodi ya chumba inakusubiri mwisho wa mwezi, bana.

Na si kitu kigeni sana ukifikiria, Singer wenyewe karne ya 19 walikuwa wanaweka akina mama dukani waonyeshe watu namna ya kushona, maana mashine usiyoijua huinunui.

Ananiambia alianza 2018, wakati ule wa OTT, kodi ya mitandao, mnaukumbuka, shilingi 200 kila siku ndo ufungue WhatsApp kihalali, ndo maana video zake fupi, alikuwa anaogopa kumalizia watu mb. Alikuwa na ukurasa wa Facebook pia, Januari 2021 Facebook ikafungwa siku chache kabla ya uchaguzi, wateja wa VPN wakabaki wachache akahamia status na TikTok. Kila mashine inayotoka pale ana kimaka, kalamu ya wino mzito, anaandika namba yake chini ya meza ya mashine na anasimama hapo hadi uihifadhi kwenye simu. Nilidhani ni ukorofi, kumbe ujumbe wa brodikasti hauendi kwa mtu ambaye hajakuhifadhi, na mimi miaka yote nawatumia wateja matangazo ya yunifomu nashangaa wamenuna!

Sasa mabaya. Masomo mengi anaweka kwa status na status inakufa baada ya saa 24, ukikosa umekosa, unaanza kuomba watu wakufowadie. Kwa nini asiyapange kwenye chaneli moja au YouTube mtu akatafuta? Nilimwambia, akasema muda hana. Grupu lake nalo limejaa, 1,024 ndo mwisho wa WhatsApp, wapya wanangoja mtu atoke. Bei za spea haweki, ukiuliza anakujibu njoo inboksi, na hiyo tabia mimi siipendi kwa mtu yeyote, hata kwake, tena yeye ndo inanishangaza zaidi, ametufundisha kujua sindano feki halafu bei ya sindano ni siri. Risiti uombe mwenyewe. Na video nyingi ni za Luganda, za Kiswahili anatengeneza Wakongo na sisi wa mpakani tukimsumbua sana, ila akikujibu kwa voisi anakujibu kwa lugha uliyomuulizia.

Mimi nilivyorudi nimeanza kavideo kangu, namna ya kumpima mtoto kiuno na urefu wa suruali kwa uzi kama huna futi ya kupimia, nikiwa nampima mwanangu, anacheka hatulii. Wazazi wa vijijini wananitumia vipimo kwa simu na muhula huu nimerudishiwa kaptula mbili tu. Muhula wa kabla sitaki hata kuwaambia.

Ukienda nenda asubuhi na mapema, mchana hapitiki, beba bobini yako na kipande cha kitambaa unachoshona siku zote asijaribie kwenye tambara. Nampa nyota nne. Mwenye mashine kubwa za kiwandani aniambie kama anazishika, mi nilisahau kuuliza.