Kabureta ya gari la zamani Dodoma: kipi kinunuliwe kwanza, kipi mwisho

Gari la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) likianza kumisi, kula mafuta au kukosa sailensi (kuunguruma bila kukanyaga eksileta), mafundi wengi huwahi kusema kabureta imekufa, inunuliwe mpya. Mara nyingi haijakufa. Anza na moto wa plagi. Kwenye Land Rover Series III ya petroli, mwanya wa pointi (swichi ndogo ya moto ndani ya distribyuta) ni milimita 0.35 hadi 0.40, na kondensa mbovu iliyo kando yake inaweza kukununulisha kabureta mbili bila gari kupona. Moto ukiwa sawa, ndipo uifungue kabureta, kwa sababu hali ya bodi yake ndiyo inayoamua ununue nini.

Pima vitu viwili. Cha kwanza ni shafti ya kipepeo, kile kisahani cha kufungua hewa kule chini: ishike uitikise. Injini ikiwa sailensi, paka grisi kidogo kwenye ncha zake. Mlio ukibadilika, hewa inapenya hapo na gasketi haitasaidia. Usipulizie petroli kutafuta uvujaji. Kwenye Land Rover manifoldi (mabomba yaliyofungwa kwenye injini) ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, na moto hauko mbali. Cha pili ni uso wa mfuniko: weka rula ya chuma juu yake, uangalie kama mwanga unapita chini. Zenith 36IV za Land Rover hupinda hapa, hasa skrubu zikikazwa kwa nguvu upande mmoja. Upindaji mdogo hunyooshwa kwa msasa wa maji namba 400 uliotandazwa juu ya kioo.

1. Ripea kiti ya kabureta yako mwenyewe

Bodi ikiwa nzima, ripea kiti, yaani seti ya gasketi na raba za kukarabati, ndilo la kwanza, na ndilo rahisi kuliko yote. Usitaje jina la gari tu dukani. Taja jina na namba zilizogongwa kwenye kabureta: Zenith 36IV, Solex 34 PICT-3 ya Volkswagen Beetle, Hitachi ya Datsun 1200, Aisin ya Land Cruiser FJ40. Ukiagiza Kariakoo mzigo uje kwa basi, tuma picha ya namba hizo pamoja na picha ya gasketi ya zamani iliyolala kando ya rula.

Kiti nzuri huwa na gasketi za mfuniko na za kitako, sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli la petroli) pamoja na kikalio chake na washa, na mpira au pistoni ya pampu ya eksileta. Ya Zenith 36IV lazima iwe na oringi (raba ya duara) ya kati ya mfuniko na bloku ya jeti (vitundu vya kupimia petroli). Isipokuwepo, irudishe, maana gari litakunywa petroli na kutoa moshi mweusi hata ukibadili kila kitu kingine. Raba zenyewe zijaribu: loweka oringi moja kwenye petroli usiku mzima. Ikivimba au kulegea, raba za kiti hiyo hazifai.

Wakati wa kusafisha, toa raba zote kabla ya kugusa thina. Jeti isichokonolewe kwa waya, kwa kuwa waya hupanua tundu na huoni kwa macho. Tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kisha upepo wa kompresa ya wale wa kujaza matairi. Floti ya shaba itumbukize kwenye maji ya moto. Ikitoa mapovu imetoboka. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu hadi ikome, ifungue mzunguko mmoja na nusu, halafu urekebishe injini ikiwa imepata moto.

2. Orijino iliyotumika

Shafti ikiwa imelika, tafuta kabureta ya aina ile ile kutoka gari lililokatwa. Ifanyie vipimo vile viwili palepale kabla ya kulipa, na uhesabu kuwa utainunulia kiti. Fundi mzuri wa kukereza vyuma anaweza pia kuweka bushi za shaba kwenye ile yako.

3. Weber 34 ICH mpya

Hii ni ya wenye Land Rover ambao Zenith yao imepinda kupita kiasi. Ni rahisi kuhudumia. Inahitaji adapta na kurekebisha fito za eksileta, na nguvu ya mlimani hupungua kidogo. Namba ya jeti ya Weber ni sehemu za mia za milimita: 130 ni milimita 1.30. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 10 hivi kuliko ya pwani, hivyo 130 iliyofaa Dar es Salaam huku hushuka kwenye 127 au 125. Soma plagi kwanza: zikiwa na masizi meusi makavu, punguza.

4. Nakala mpya za bei rahisi

Si zote mbovu, ila usiifunge kama ilivyotoka kwenye boksi. Mara nyingi floti haijapimwa, na vumbi la chuma limebaki kwenye njia za sailensi. Shafti ikicheza ungali dukani, iache hapo hapo.

5. Kabureta ya gari jingine

Hii ya kubuni adapta acha kabisa. Hali kadhalika pampu ya umeme ya gari la injeksheni: husukuma kwa presha ya paundi 40 hivi, wakati sindano ya floti inataka 3 au 4. Petroli itafurika juu ya manifoldi ya moto.

Kabla ya vyote hivi nunua filta ndogo ya mafuta inayoonekana ndani, mshale uelekee kwenye kabureta, na klipu mbili imara. Kiangazi, kwa anayezunguka vijiji vya Bahi na Chamwino, bakuli la oili la filta ya hewa lioshwe kila wiki na oili ijazwe hadi alama, isizidi. Gari likilala zaidi ya mwezi, chomoa mpira wa mafuta, uzibe ncha yake, kisha uwashe injini uiache hadi ijizime yenyewe. Petroli ikikaukia ndani huacha gundi kwenye jeti.